Mtoto hakulia alipozaliwa: kosa la nani?



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inaanza na barua. Aliyeiandika anaishi Litembo, katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, na ameomba jina lake lisitajwe. Nimeifupisha kidogo, lakini maneno ni yake:

"Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa nguo. Asili yangu ni mwambao wa Ziwa Nyasa, na mke wangu ni mwenyeji wa huku milimani. Mwenyezi Mungu ametujaalia watoto watatu. Wa tatu ni mvulana. Anakaribia miaka mitatu, lakini hawezi kukaa peke yake wala kushika kijiko. Mimba yake ilipokuwa changa mke wangu hakwenda kliniki. Alianza mwezi wa saba, kwa kuwa kazi za shamba zilikuwa nyingi na kupanda na kushuka milima kulimchosha. Uchungu ulianza usiku wa mvua kubwa. Mimi nilikuwa Mbamba Bay kwa biashara, na wazee wakasema asiondolewe nyumbani mpaka nirudi. Chupa ilipasuka alfajiri, mtoto akazaliwa nyumbani baada ya alasiri, na hakulia. Walimmwagia maji ya baridi, wakampiga mgongoni, na baada ya muda mrefu akalia kwa sauti dhaifu. Siku ya tatu akawa wa manjano, tukaambiwa tumuote jua. Sasa mama yangu anasema ukoo wa mke wangu una mkosi, na kwamba nioe mke mwingine. Mke wangu hajibu kitu, analia usiku. Naomba mnieleze: hili ni kosa la nani?"

Ndugu yetu, tunakushukuru kwa kuuliza. Wengi wana swali kama lako, lakini hulificha ndani pamoja na mtoto mwenyewe. Tutakujibu kwa kadiri ya uwezo wetu, na katika kukujibu tutazungumza pia na baba na mama ambao mimba yao ni changa leo, kwa sababu katika barua yako mna mambo manne au matano ambayo kila nyumba inapaswa kuyajua kabla ya usiku wa mvua kufika.

Qadari na sababu

Tuanze na neno "mkosi". Muislamu anaamini kwamba hakuna linalotokea nje ya elimu na qadari ya Mwenyezi Mungu (S.W.). Lakini imani hiyo haimruhusu kuwatwika watu mikosi, na wala haimruhusu kukaa bila kutafuta sababu. Itikadi ya kwamba ukoo fulani au mwanamke fulani hubeba nuksi ni katika mambo ya zama za ujahili ambayo Mtume (S.A.W.) aliyakataza.

Tunasoma katika historia kwamba Sayyidna Umar (R.A.), akiwa safarini kwenda Sham, alipata habari kwamba nchi ile imeingiwa na tauni. Baada ya kushauriana na wenzake akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza iwapo anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba wanatoka katika qadari moja kwenda katika qadari nyingine, kisha akampigia mfano wa mchungaji mwenye mabonde mawili, moja lenye rutuba na jingine kavu: popote atakapolisha ngamia wake, amelisha kwa qadari. Mkazi wa milimani anaufahamu mfano huo upesi. Mteremko ni qadari, na matuta na mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo huyachimba ili mvua isiuchukue udongo ni qadari pia. Aliyechimba ngoro hakupingana na Muumba wake.

Basi tutafute sababu kwa moyo huo. Hatutafuti mtu wa kumhukumu. Tunatafuta mahali pa kuchimba ngoro.

Hata mabingwa walibishana

Hali unayoieleza, ya mtoto ambaye viungo vyake havimtii, inafanana na ile inayoitwa mtindio wa ubongo. Hatuwezi kumpima mtoto kwa barua. Hiyo ni kazi ya daktari. Lakini fahamu kwamba swali lako la "kwa nini" ni la zamani. Mnamo mwaka 1861 tabibu wa Uingereza, William John Little, alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi mjini London akaeleza kwamba watoto wengi wa aina hiyo walizaliwa kwa uzazi mgumu, au kabla ya wakati, au hawakupumua mara moja. Kwa miaka mingi ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake. Mnamo 1897 Sigmund Freud, ambaye kabla ya kujulikana kwa mambo ya nafsi alikuwa tabibu wa mishipa ya fahamu, akaleta hoja nyingine: huenda mara nyingine uzazi mgumu wenyewe ni dalili tu, na ubongo wa mtoto uliguswa mapema, akiwa bado tumboni.

Leo tunajua kwamba wote wawili walishika upande mmoja wa ukweli. Sababu zinaweza kuingia wakati wa mimba, wakati wa kujifungua, katika siku za mwanzo, na hata baadaye. Katika utafiti uliofanywa wilayani Kilifi, pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2006, watoto wapatao 61 katika kila watoto 1,000 wa umri wa miaka 6 hadi 9 walikuwa na upungufu wa kati au mkubwa katika akili, usikivu, uoni, viungo au kwa sababu ya kifafa. Na misukosuko ya siku za mwanzo za uhai ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na upungufu huo. Mashariki ya Uganda, utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2017 ulikuta mtindio wa ubongo kwa karibu watoto 3 katika kila 1,000, na takriban robo yao tatizo lilitokana na maradhi yaliyowapata baada ya mwezi wa kwanza, kama vile malaria kali iliyopanda kichwani.

Kwa hiyo, ndugu yetu, hata daktari aliye mbele ya mtoto wako huenda asiweze kukuambia kwa yakini ni lipi kati ya mambo uliyoyataja lililomdhuru. Lakini yapo mambo ambayo madhara yake yanajulikana na kinga zake zinajulikana. Tuyapitie moja moja.

Chumvi ya milimani

La kwanza hukulitaja katika barua, kwa sababu halionekani. Katika nchi za milima yenye mvua nyingi, maji huosha udongo kwa karne nyingi na kuondoka na madini joto, yaani ayodini. Mazao yanayoota hapo huwa na upungufu wake, na anayeyala hupungukiwa pia. Wazee wa nyanda za juu za kusini wanakumbuka jinsi rovu, ule uvimbe wa shingo, lilivyokuwa jambo la kawaida. Lakini rovu ni sehemu ndogo ya hasara. Mtoto aliye tumboni katika miezi ya mwanzo hutegemea kabisa tezi ya shingo ya mama yake kwa ajili ya kujenga ubongo. Mama akipungukiwa sana na madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa na akili nzito, kiziwi, au mwenye viungo vilivyokakamaa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likilitaja jambo hili kuwa miongoni mwa sababu kubwa kabisa duniani za kudumaa kwa akili zinazoweza kuzuilika.

Kuanzia miaka ya 1980 Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe, iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na Mbinga ilikuwa miongoni mwake. Baadaye, katika miaka ya 1990, ikaja sheria ya kutia madini joto katika chumvi. Mwaka 2009 wachumi watatu walichapisha hesabu zao kuhusu watoto ambao mama zao walikingwa kwa vidonge hivyo wakati wa mimba: walikuta wamesoma zaidi ya wenzao kwa muda wa kati ya theluthi na nusu ya mwaka hivi, na wasichana walinufaika zaidi. Wengine waliorudia hesabu hizo wakapata tofauti ndogo na isiyo na uhakika. Mjadala huo ni wa vipimo vya shule. Kwamba ubongo wa mtoto unahitaji madini joto si jambo la mjadala.

Nyumbani kazi ni ndogo. Nunua chumvi iliyofungwa na kuandikwa kuwa ina madini joto, wala usivutwe na ile ya mawe inayouzwa kwa kupimwa kwenye kopo kwa sababu ni rahisi. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi na unyevu, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Na ndugu zetu wa mwambao wasidhani kwamba dagaa na samaki wa ziwa watatosha. Samaki wa maji baridi hawana madini joto kama wale wa baharini.

Miezi mitatu ya mwanzo

La pili ni kliniki ya mwezi wa saba. Hatusemi hili kumlaumu mkeo, kwani tunaijua milima ile na tunajua nani hubeba kuni na maji. Lakini mambo mengi huwa yamekwisha kuamuliwa kabla ya mwezi wa saba. Mfereji unaofanya ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hata hawajajijua kuwa ni wajawazito. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa hufuata. Asidi ya foliki hupunguza sana hatari hiyo, na ndiyo sababu mwanamke anayetarajia kubeba mimba anashauriwa kuanza kuimeza mapema. Tangu mwaka 2011 nchi yetu ina kanuni za kuongeza virutubishi katika unga wa viwandani, lakini sembe ya mashine ya kijijini haina nyongeza hiyo. Anayekula unga wa mashine ndiye anayehitaji zaidi vidonge vya kliniki.

Kliniki ya mapema hufanya mengine pia. Hupima kaswende, ambayo huweza kumuua au kumlemaza mtoto tumboni ilhali mama haoni maumivu yoyote, na sindano ya penisilini huitibu. Hupima damu na virusi vya UKIMWI, na shinikizo la damu, ambalo likipanda bila kujulikana huleta kifafa cha mimba. Hutoa chandarua na dawa ya kuzuia malaria. Na anayeishi milimani kwenye baridi akishuka ziwani kutembelea wakwe asisahau chandarua chake, kwani mbu wa mwambao hawamjui mgeni. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio 8, la kwanza likiwa kabla ya wiki 12.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi hasa: saumu ya Ramadhani. Mwaka 2011 watafiti wawili, Almond na Mazumder, walichapisha uchunguzi uliotumia sensa za Uganda na Iraq. Walikuta kwamba Waislamu ambao mimba zao zilikutana na Ramadhani katika mwanzo wake walikuwa na ulemavu ukubwani kwa kiasi cha asilimia 20 zaidi ya wengine, hususan ulemavu wa akili na wa kujifunza. Takwimu hizo hazikujua nani alifunga na nani hakufunga, kwa hiyo zisichukuliwe kuwa hukumu. Lakini zinatukumbusha kuwa ruhusa iliyomo katika sheria yetu ina hekima. Mjamzito anayechelea nafsi yake au mtoto wake anaruhusiwa kufungua. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huyafuata, akifungua kwa kumchelea mtoto peke yake hulipa siku hizo na kutoa fidia. Kwa Hanafi hulipa tu. Dada anayesikia kizunguzungu na udhaifu, kisha akaendelea kufunga kwa kuogopa macho ya mawifi, amekataa sadaka ya Mola wake. Na mume ndiye wa kwanza kumwambia: fungua, tutalipa.

Usiku wa uchungu

La tatu, na hapa, ndugu yetu, tuvumilie, ni lile neno la wazee: "asiondolewe mpaka mume arudi." Walikusudia heshima, lakini uchungu haungoji mtu arudi kutoka Mbamba Bay. Kila misuli ya uzazi inapojikaza, damu inayompelekea mtoto hewa hupungua kwa muda, kisha hurudi. Mtoto mzima huvumilia. Uchungu ukiwa mrefu mno, au njia ikiwa imeziba, au mama akinyweshwa dawa za miti za kuharakisha, misuli hujikaza bila kupumzika na mtoto hukosa hewa. Dawa hizo za miti tunaziogopa hasa kwa sababu kipimo chake hakuna anayekijua.

Basi ruhusa itolewe mapema. Mume anayesafiri amwambie mkewe mbele ya wazazi: uchungu ukianza, au chupa ikipasuka, au damu ikitoka, ondoka, ruhusa yangu unayo tangu leo. Aweke fedha ya usafiri mahali panapojulikana, na azungumze mapema na mwenye gari au pikipiki, kwa kuwa katika mvua za milimani barabara haina ahadi. Hospitali na vituo kadhaa vya vijijini vina nyumba ya kusubiria wajawazito. Aulizie, ili aliye mbali asogee kabla ya siku kufika. Wapo wanaosita kwa sababu hospitali ya Litembo ni ya misheni, chini ya Jimbo Katoliki la Mbinga. Hakuna sababu ya kusita. Kuhifadhi uhai ni katika makusudio makuu ya sheria, na Waislamu tangu zamani wametibiwa na matabibu wasio wa dini yao.

Kisha ni ile dakika ya kwanza. Mtoto asiyelia hahitaji maji ya baridi wala kofi la mgongo. Hayo humpoza na kumpotezea wakati. Anahitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo taratibu, njia ya hewa kuwa wazi, na asipopumua, kusukumiwa hewa kwa mfuko wenye kinyago ndani ya dakika moja. Wakunga huiita dakika ya dhahabu. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walihesabu sekunde: kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumsukumia hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Na wakunga wa hospitali 8 za Tanzania walipofundishwa stadi hii nyepesi, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyochapishwa mwaka 2013. Kifaa chenyewe hutoshea mkononi, lakini hakipatikani katika chumba cha bibi.

Tuongeze neno kwa akina baba. Kumuadhinia mtoto sikioni ni jambo jema. Lakini ukimkuta mkunga anahangaika na pumzi ya mtoto, mpishe. Adhana itakuja baada ya dakika chache, na mtoto ataisikia akiwa hai, in shaa Allah.

Siku saba na arobaini

La nne ni manjano. Watoto wengi hupata manjano hafifu katika wiki ya kwanza na ikapita. Lakini ikitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au ikishuka mpaka viganjani na nyayoni, au mtoto akilala mno na kukataa ziwa, hiyo ni hatari. Rangi hiyo ikizidi katika damu huingia ubongoni, na huweza kumwacha mtoto kiziwi au mwenye viungo vinavyojipinda. Kumuota jua dirishani hakutoshi. Kumbukumbu ya jua ina asili yake: katika miaka ya 1950, muuguzi wa hospitali ya Rochford huko Uingereza aligundua kwamba watoto waliotolewa juani walififia manjano, na kutokana na hapo ikatengenezwa taa maalumu ya mwanga wa buluu. Leo taa hiyo ndiyo dawa, kwa kuwa huangaza usiku na mchana kwa kipimo. Jua la milimani hujificha nyuma ya ukungu, na damu ya mtoto haingoji ukungu uondoke.

Wapo watoto, hasa wenye asili ya pwani na sehemu zenye malaria, ambao damu yao huvunjika upesi kwa maumbile. Hao hudhuriwa na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa sandukuni kufukuza nondo. Nguo na shuka za mtoto zisihifadhiwe navyo.

Desturi yetu ya kumstahi mzazi kwa siku arobaini ni nzuri, kwani humpa mapumziko. Lakini isigeuke kuwa gereza. Hakuna sheria inayomzuia mtoto mgonjwa kutolewa nje kabla ya arobaini. Tena siku ya saba, siku ya akika, tuifanye kuwa siku ya kumkagua: ananyonya vizuri? Macho ni meupe? Kitovu ni kikavu? Mwili una joto la kawaida, haujachemka wala kupoa? Na aliyezaliwa njiti au mdogo mno afungwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulioonekana mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuanza mara baada ya kuzaliwa huokoa maisha kuliko kungoja mtoto apate nafuu kwanza.

Jibu letu

Sasa turudi kwako. Umeuliza ni kosa la nani. Mkeo alibeba mimba akiwa na jembe mkononi, akaumwa usiku kucha na mchana, na hakuruhusiwa kuondoka. Akiwa ni mmoja wa kulaumiwa, basi ni wa mwisho kabisa. Mama yako hakujua. Wazee hawakujua. Wewe ulikuwa safarini kutafuta riziki ya halali. Lakini tangu leo umejua, na aliyejua ana wajibu ambao asiyejua hakuwa nao.

Wajibu wa kwanza ni kwa mkeo. Mwambie kwa ulimi wako, na ikiwezekana mbele ya mama yako, kwamba huamini mkosi na humlaumu. Ongea na mama yako kwa adabu, kwani haki yake ni kubwa, lakini kumtii mzazi hakuendi mpaka kumdhulumu mke. Kuoa mke wa pili ni ruhusa yenye masharti ya uadilifu. Si dawa ya mtindio wa ubongo. Anayeoa kwa kukimbia kitanda cha mtoto mgonjwa ameanza ndoa mpya kwa dhulma.

Wajibu wa pili ni kwa mtoto. Mpeleke hospitali apimwe usikivu, uoni, na kama ana degedege, kwani kifafa kina dawa na hutibika bila kungoja. Mwombe daktari amwelekeze kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye atamfundisha mama namna ya kumketisha, kumlisha bila kumpalia, na kumnyoosha misuli kila siku. Mazoezi hayo hayaponyi ubongo, lakini yanaweza kumfikisha mtoto kwenye kukaa, na aliyekaa huona watu, huwasikia na hujifunza. Usimfungie ndani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya matibabu na elimu kama mtoto mwingine.

Na mtoe uende naye msikitini. Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika zama za Tabiina, alikuwa kiwete, mwenye mkono uliopooza na jicho moja, na watu walisafiri kutoka mbali kuja kumuuliza dini yao. Hatusemi mwanao lazima awe mwanachuoni ndipo athaminiwe. Huenda hatatamka hata jina lako. Sheria imewaondolea amali watu ambao akili zao hazikukamilika, lakini haikuwaondolea haki hata moja: haki ya kulishwa, kuvikwa, kutibiwa, kurithi, na kuitwa kwa jina zuri.

Ikiwa mkeo atabeba mimba tena, unajua la kufanya: chumvi, kliniki mapema, ruhusa mapema, mkunga mwenye ujuzi, na jicho juu ya rangi ya mtoto. Ukiyafanya hayo, kisha likatokea lililoandikwa, utalipokea bila majuto ya kuzembea.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi mtoto huyu, ampe mama yake subira na malipo, na azijaalie nyumba zetu ziwe za kuwahi wala si za kulaumiana. Amin.

Wabillahi tawfiiq.